Toleo la Zamani na Jipya Ndani ya Kompyuta Moja



Katika parokia nyingi za pembezoni mwa jiji, kuanzia Mbagala na Chamazi hadi Tegeta na Bunju, kompyuta ndiyo inayotunza hesabu za sadaka na orodha za waumini. Inapoletwa kompyuta mpya, mara nyingine programu ya zamani hukataa kufunguka, na watu husema mashine ni mbovu. Huenda kinachokosekana ni maktaba tu.

Maktaba ya programu ni nini?

Programu haifanyi kila kitu yenyewe. Kazi za kawaida, kama kusoma faili au kuchapa risiti, huziazima kutoka kwenye mkusanyiko wa maelekezo yaliyokwisha kuandikwa. Mkusanyiko huo ndio maktaba, na hutumiwa na programu nyingi. Maktaba ikiboreshwa hutolewa toleo jipya, na baadhi ya maelekezo hubadilika. Ni sawa na kubadili kitabu cha nyimbo: kwaya ikifungua namba 50 kwenye kitabu kipya, huenda ikakuta wimbo mwingine kabisa.

Dawa yake ni kuweka matoleo yote mawili, kila programu itumie lake.

Mifano miwili

Programu nyingi za Windows zilizoandikwa kabla ya mwaka 2010 hutegemea .NET Framework 3.5. Windows 10 na 11 huja na toleo la 4, ambalo halichukui nafasi ya lile la 3.5. Toleo la zamani lazima liongezwe, na mara nyingi huhitaji intaneti. Yakishawekwa, yote mawili hukaa pamoja bila ugomvi.

Mfano wa pili ni DHIS2, mfumo unaopokea taarifa za MTUHA kutoka vituo vya afya nchini. Toleo lake la 2.40 liliweza kutumia Java 11, lakini 2.41, lililotoka mwaka 2024, linadai Java 17. Fundi anayetaka kujaribu jipya bila kuzima la zamani huweka Java zote mbili kwenye seva, kila moja katika folda yake, kisha huelekeza kila mfumo kwenye Java yake.

Kamati zifanye nini?

1. Msifute folda msiyoijua ili kupata nafasi. Mnaweza kuzima programu ya hesabu siku moja kabla ya ukaguzi.
2. Andikeni daftarini jina la programu, toleo lake, maktaba inayoitegemea na aliyeiweka.
3. Kabla ya mabadiliko, nakilini kumbukumbu zote na kuzihifadhi mbali na ofisi.
4. Fungeni hesabu za mwezi mmoja kwa programu zote mbili, mlinganishe majibu.
5. Pangeni tarehe ya kuhama. Toleo lililoachwa na watengenezaji halizibwi tena matundu ya usalama. Python 2, kwa mfano, iliachwa tarehe 1 Januari 2020. Kukaa pamoja ni daraja la kuvukia tu, na hakuna ajengaye nyumba darajani.

Kwa wafadhili tunaomba hivi: mnapotoa kompyuta, tengeni pia fedha za fundi, za intaneti na za kuhamisha kumbukumbu. Kompyuta mpya isiyoweza kufungua hesabu za miaka kumi iliyopita bado haijaisaidia parokia.