Maradhi ya Vifuko vya Haja vya Mbwa na Usalama wa Wanaomtunza

Mbwa anapokaa chini na kujiburuta kwa makalio, watu wengi husema ana minyoo, na humpa dawa bila kumchunguza. Wakati mwingine ni kweli: tegu anayeenezwa na viroboto hutoa vipande vinavyofanana na punje za mchele, navyo huwasha. Lakini mara nyingi chanzo kipo katika vifuko viwili vidogo vilivyo kando ya tundu la haja kubwa. Maradhi ya vifuko hivi yanatibika. Hatari kubwa kwa binadamu ni kung'atwa na mnyama aliyeshikwa mahali panapouma.

Vifuko hivyo hukaa kati ya misuli inayobana tundu la haja, kimoja kila upande. Tundu likitazamwa kama uso wa saa, vipo karibu na tarakimu 4 na 8. Ndani yake hutengenezwa majimaji yenye harufu kali, ambayo hutoka kupitia vijia vyembamba pale kinyesi kigumu kiasi kinapopita na kuvikandamiza. Mbwa akiharisha kwa muda mrefu, akinenepa kupita kiasi au akiwa na mzio wa ngozi, majimaji hayo huweza kubaki ndani, yakawa mazito na kuziba vijia.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuziba. Bakteria wakiongezeka, kifuko huvimba na majimaji huchanganyika na usaha au damu. Baadaye huweza kutokea jipu: uvimbe mwekundu wenye joto, ambao hupasuka kupitia ngozi. Dalili ni kujiburuta, kujilamba chini ya mkia, harufu kama ya samaki, kupata shida wakati wa haja na kukataa kuguswa. Uvimbe mgumu, hata usiouma, hasa kwa mbwa mzee anayekunywa maji mengi kuliko kawaida, uchunguzwe mapema kwa kuwa huenda ni saratani.

Daktari wa mifugo huvaa glavu, hupaka kilainishi na kukamua kifuko taratibu. Penye maambukizi hukisafisha na kuweka dawa. Jipu ambalo halijapasuka hutumbuliwa mbwa akiwa amepewa dawa ya usingizi au ya kutuliza. Tatizo linalojirudia huweza kuhitaji kuondoa vifuko kwa upasuaji, ingawa mishipa ya fahamu ikijeruhiwa mbwa hushindwa kuzuia haja. Nyumbani, kinachosaidia ni kupunguza uzito wake, kudhibiti viroboto na kumpa chakula chenye nyuzinyuzi, kama boga lililochemshwa. Mbwa asiye na dalili hahitaji kukamuliwa.

Mwenye mbwa asijaribu kukamua kifuko kilichovimba. Huweza kukipasua kwa ndani na kueneza maambukizi. Asimpe ibuprofeni wala parasetamoli ya binadamu, kwani dawa hizo huweza kumdhuru. Watoto wakae mbali naye hadi atibiwe. Anapopelekwa kwa daktari afungwe mdomo kwa kamba laini, isipokuwa kama anapumua kwa shida.

Mtu akishang'atwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Hapa ndipo mhudumu wa afya anapaswa kuwa makini. Maelezo kwamba mbwa alikuwa na jipu na aling'ata kwa sababu ya maumivu si uthibitisho kwamba hana kichaa. Mabadiliko ya tabia ni dalili ya kichaa pia, na ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu kila mara huua. Chanjo ya kichaa cha mbwa ianze bila kusubiri, na kinga ya pepopunda iangaliwe. Jeraha lililovuja damu huhitaji pia kingamwili za kichaa. Mbwa aliye hai afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima kwa muda huo, daktari huweza kusitisha chanjo.

Mbwa anayejiburuta apelekwe kwa daktari wa mifugo mapema, na chanjo yake ya kichaa isipitwe na wakati. Kwa kufanya hivyo mnyama huponywa, na familia yake hulindwa.