Kaboni ya Udongo katika Mashamba ya Magharibi mwa Kenya: Kipimo, Malipo na Udumifu

Mwaka 2014 Mradi wa Kaboni ya Kilimo wa Kenya, uliosimamiwa na shirika la Vi Agroforestry katika maeneo ya Kisumu na Kitale, ulipata hati zake za kwanza za kaboni, sawa na tani 24,788 za kabonidioksidi. Kiasi hicho hakikutokana na kupima udongo wa kila shamba, kazi ambayo gharama yake ingeweza kuzidi thamani ya kaboni yenyewe. Wakulima waliulizwa walichofanya: kuacha mabaki ya mahindi shambani badala ya kuyachoma, kutia samadi, kupanda miti kati ya mazao. Majibu yao yaliingizwa katika modeli ya RothC, iliyobuniwa Rothamsted nchini Uingereza, nayo ikakadiria ongezeko la kaboni. Kilichouzwa, kwa hakika, ni makadirio yanayotokana na matendo.

Udhaifu mkubwa zaidi ni wa muda. Mboji huhifadhika ndani ya mabonge madogo ya udongo. Yakivunjwa kwa kulima mara kwa mara, na mabaki yakiondolewa, vijidudu huiozesha na kaboni hurudi angani. Mgawo wa mkulima mwenye shamba lisilofika hekta moja ni mdogo mno kulizuia hilo. Ndiyo maana mradi ulitanguliza mavuno, malipo ya kaboni yakawa nyongeza.