Kihisi cha Sumaku katika Giaboksi ya Gari: Suala la Dhana na Istilahi

1.0 Utangulizi

Makala hii inakusudia kueleza namna kihisi cha sumaku kinavyofanya kazi katika giaboksi zinazoongozwa na kompyuta, na kuchunguza istilahi ambazo Kiswahili kinaweza kuzitumia kuielezea kazi hiyo. Mfano wetu ni mji wa Morogoro na milima ya Uluguru. Mji uko takriban meta 500 juu ya usawa wa bahari, ilhali vilele vya Uluguru hupita meta 2,600. Dereva anayeteremsha shehena ya kabichi na viazi kutoka Mgeta hategemei breki peke yake; huteremka katika gia ndogo ili injini ilizuie gari. Giaboksi ikiwa huru, msaada huo hutoweka na breki hupata moto. Kwa hiyo, swali la gia iko wapi si la nadharia tupu.

2.0 Dhana

Katika giaboksi ya kawaida, mkono wa dereva hufanya kazi mbili: husukuma gia, na papo hapo huhisi kwamba gia imeingia. Katika giaboksi inayoongozwa na kompyuta, kazi ya kusukuma hufanywa na hewa, mafuta yenye shinikizo au mota ya umeme. Kazi ya kuhisi nayo hubaki bila mwenyewe, na hapo ndipo kihisi kinapohitajika.

Msingi wa vihisi vingi vya aina hii ni ugunduzi wa mwaka 1879. Edwin Hall, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, alipitisha mkondo wa umeme katika utando mwembamba wa dhahabu uliowekwa ndani ya uga wa sumaku. Aliona kwamba volti ndogo hujitokeza kukingama na njia ya mkondo. Kadiri uga unavyozidi nguvu, ndivyo volti hiyo inavyoongezeka. Siku hizi silikoni imechukua nafasi ya dhahabu.

Ndani ya giaboksi, sumaku ndogo hufungwa kwenye fito inayobeba uma wa kusukuma gia. Kihisi kinaweza kukaa upande wa pili wa ukuta wa aluminiamu, kwa kuwa madini hayo hayazuii uga wa sumaku usiobadilika. Fito ikisogea, uga unaokifikia kihisi hubadilika, na kompyuta huitafsiri volti kuwa umbali. Kwa kuwa hakuna kinachogusana, hakuna kinacholika, wala mafuta machafu hayaharibu kipimo. Hata hivyo, chembe za chuma zinazomeguka kwenye meno ya gia huweza kunata kwenye sumaku, na joto kali huidhoofisha. Ndiyo maana baadhi ya vihisi hutoa taarifa mbili zinazokwenda kinyume: moja ikipanda, nyingine hushuka, na jumla yake hubaki ile ile, kwa mfano volti 5. Jumla isipotimia, kompyuta huikataa taarifa, huwasha taa ya tahadhari na huzuia baadhi ya mabadiliko ya gia.

3.0 Istilahi

3.1 Sensa, kitambuzi au kihisi?

Neno la gereji ni sensa. Kimaumbo halina kasoro: limefuata njia ile ile ya kabureta, stata na jenereta, ambapo kiishio cha neno la Kiingereza hugeuka kuwa -a. Kasoro yake ni ya kisemantiki, maana sensa ni pia hesabu ya watu, kama ile iliyofanyika Tanzania mwaka 2022. Muktadha huondoa utata huo kwa urahisi, na mafundi hawachanganyikiwi.

Kitambuzi ni neno zuri, lakini linadai mno. Kutambua ni kujua kitu kuwa ni kile. Kifaa chetu hakijui lolote, bali hutoa volti tu. Anayetambua ni kompyuta. Kihisi, kutokana na kitenzi -hisi, kinalingana na dhana: kinarithi kazi ile ile iliyokuwa ya mkono wa dereva. Tunapendekeza kihisi kwa maandishi, huku sensa ikiendelea kuishi katika mazungumzo.

3.2 Nafasi, mkao au mahali?

Nafasi hubeba pia maana ya fursa na uwazi, hivyo haitoshi. Mkao hufaa kwa kitu chenye hali chache zilizopangwa, kama mkono wa gia. Mahali hufaa kwa kitu kinachosogea hatua kwa hatua. Tulinganishe:

(1) Gia imeingia.
(2) Uma upo milimeta 4 kutoka katikati.
(3) Uma uko humo humo ndani.

Swichi ya kawaida hujibu (1) kwa ndiyo au siyo. Kihisi cha sumaku hujibu (2). Taarifa ikikataliwa, kompyuta hubaki na (3) tu. Tofauti ya -po na -ko, ambayo wanafunzi wengi huiona kuwa ya sarufi tu, hapa inabeba tofauti ya kiufundi: mahali mahususi dhidi ya mahali pasipo dhahiri.

Kutokana na hayo, kinachoweza kuitwa kwa ujumla sensa ya gia hugawanyika mara tatu: kihisi cha mkao wa mkono wa gia, kihisi cha mahali pa uma, na kihisi cha kasi ya shafti. Fundi aliyetajiwa jina la jumla tu anaweza kubadilisha kifaa kizima na kukiacha kibovu, na lori likarudi mlimani na hitilafu yake.

4.0 Hitimisho

Mwaka 1990 TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na msamiati wa sayansi ya shuleni ukapata mahali pa kusimama. Msamiati wa gereji umekua kwa njia yake, na umekua vizuri: giaboksi, klachi na shokamzoba hazihitaji mtetezi. Kazi ya mwanaistilahi si kuyafuta maneno hayo, bali kuongeza tofauti pale ambapo kifaa kipya kinazidai. Morogoro yenyewe ina chuo cha walimu wa ufundi stadi; istilahi zilizopendekezwa hapa zingeweza kujaribiwa huko, mbele ya giaboksi iliyofunguliwa, kabla ya kufikishwa BAKITA kwa usanifishaji.