Mombasa hadi Jeddah: Saa za Safari na Dakika za Miqati

Mombasa na Jeddah zimekaribia kuwa katika mstari mmoja wa longitudo, moja kusini na nyingine kaskazini. Kwa njia ya anga, baina ya viwanja vyake vya ndege pana takriban kilomita 2,850, na saa ya Kenya ni sawa na ya Saudia. Hata hivyo, wengi wetu hupitia Nairobi: kwanza kilomita 420 hivi, mwendo wa yapata saa moja, kisha kilomita 2,560 zichukuazo karibu saa nne.

Kwa aendaye umra, dakika zenye uzito ni zile za mwisho. Miqati ya Yalamlam, wanayoifuata wengi watokao upande wetu, iko yapata kilomita 100 kusini mwa Makka, na mpaka wake hupitwa tungali angani. Ndege iendayo kilomita 850 kwa saa hukata kilomita 14 kila dakika. Aliyesinzia akapitwa bila kuhirimia hulazimika kurejea miqatini au kuchinja.

Basi tujiandae mapema. Tuoge nyumbani. Wanaume wavae shuka zao kabla ya kupanda ndege, wasizifungie sandukuni. Sisi wanawake hatuna vazi maalumu, ila tuvue nikabu na glavu tutiapo nia. Kuvaa peke yake si kuhirimia. Nia ndiyo ihramu. Tuitie itangazwapo kuwa miqati imekaribia, na mwenye shaka aitangulize kidogo. Wazee wetu waliolala tuwaamshe.