Herufi Moja Inapodondoka: Kasi na Usahihi katika Kupiga Chapa

Miaka michache iliyopita, katika kijiji kimoja cha wavuvi ukingoni mwa Ghuba ya Speke, si mbali na Guta, tulionyeshwa waraka wa mistari sita. Ulikuwa umechapwa kwa kompyuta, ukatiwa saini, kisha ukakunjwa mara nne hata mikunjo yake ikaanza kukatika. Ndugu wawili katika imani walikuwa wamekopeshana fedha za kununulia mashine ya mtumbwi. Deni likalipwa lote, na waraka ukaandikwa ili kuthibitisha malipo. Mstari wa mwisho ulikusudiwa kusema kwamba aliyekopa "hana deni tena". Karatasi ilisema "ana deni tena".

Hakuna aliyeliona kosa hilo siku ile. Liligunduliwa baada ya aliyekopa kufariki dunia, pale mjane wake alipoupeleka waraka kwa wazee wa msikiti ili madeni ya marehemu yahesabiwe kabla ya kugawa mirathi. Alhamdulillah, mashahidi wawili walikuwa hai, na mdai mwenyewe, akiwa mtu mwenye kumcha Mungu, alikiri kwamba alikwisha kulipwa. Hata hivyo, mama yule alikuwa amekesha usiku kucha akidhani kwamba mumewe ameingia kaburini na deni la watu. Herufi moja ilidondoka, naye akaubeba uzito wake.

Tumelikumbuka tukio hilo kwa sababu vijana wetu wengi hivi sasa wanajifunza kupiga chapa. Kila mwaka, mitihani ya kidato cha nne ikimalizika, wazazi wa Guta na vitongoji vyake huwapeleka mabinti na vijana wao Bunda mjini, au Musoma, kusoma kompyuta. Baada ya miezi michache kijana hurudi akiwa anajua kila herufi iko wapi, lakini kasi yake imegoma. Anachapa maneno 20 au 25 kwa dakika, na wiki zinapita bila kuongezeka. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na hapo ndipo tungependa kuzungumza nao pamoja na wazazi wao.

Kazi ya katibu katika dini yetu si kazi ndogo. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an Tukufu, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni, na ndani yake mwandishi anaamrishwa aandike kwa uadilifu na asikatae kuandika kama alivyofunzwa na Mola wake. Zayd bin Thabit (ra), aliyekuwa mwandishi wa wahyi, alikabidhiwa na Khalifa Abubakar (ra) jukumu la kuikusanya Qur'an akiwa bado kijana. Alichaguliwa kwa akili yake na kwa uaminifu wake. Anayekaa leo mbele ya kibodi na kuchapa hati ya mahari, wasia, mkataba wa shamba au barua ya maombi ya kazi anafuata nyayo za kale, nayo amana aliyoibeba ni ile ile.

Upo pia upande wa riziki. Kwa miaka mingi matangazo ya ajira ya Katibu Mahsusi Daraja la Tatu katika halmashauri zetu yalimtaka mwombaji awe amehitimu kidato cha nne, amefaulu mtihani wa uhazili wa hatua ya tatu, ana cheti cha kompyuta, na amefaulu hatimkato ya Kiswahili na ya Kiingereza kwa maneno 80 kwa dakika moja. Katika matangazo ya karibuni tumeona yakitajwa maneno 100 na elimu ya stashahada. Chuo cha Uhazili Tabora, ambacho siku hizi ni sehemu ya Chuo cha Utumishi wa Umma, kimewatoa makatibu wa ofisi nyingi nchini. Anayeandika hatimkato kwa kasi hiyo halafu akashindwa kuichapa kwa wakati amefanya nusu ya kazi. Na hata asiyetafuta ajira serikalini, akifungua steshenari yake ndogo, wateja watamrudia kwa mambo mawili: hawachelewi, na karatasi zao hazirudiwi.

Sasa, kwa nini kasi hugoma? Sababu ya kwanza ni macho. Mwanafunzi amezijua herufi kwa kuzitazama, na hajathubutu kuyaondoa macho yake kwenye kibodi. Mpangilio wa herufi tunaoutumia ulitokana na mashine ya Mmarekani Christopher Sholes, aliyepata hataza mwaka 1868. Miaka 20 baadaye, Julai 1888, katika mji wa Cincinnati, mpiga chapa aitwaye Frank McGurrin alishinda shindano lililotangazwa sana. Alikuwa amezihifadhi nafasi za herufi kichwani, akichapa kwa vidole vyote bila kutazama chini. Tangu siku hizo walimu wengi wamefundisha hivyo. Ndiyo maana herufi F na J zina vijinundu: vidole viwili vya shahada vipate kurudi nyumbani gizani. Kijana aliyekwama na afunike mikono yake kwa kitambaa chepesi kwa muda wa wiki mbili. Siku za mwanzo kasi itashuka. Asiogope, kwa kuwa anang'oa mazoea mabaya ili apande mema.

Sababu ya pili ni haraka. Wanafunzi wengi hudhani kwamba kasi hutafutwa kwa kukimbiza vidole. Tufanye hesabu. Kwa desturi ya wapiga chapa, "neno" moja ni mibonyezo 5, nafasi tupu zikiwemo. Tuseme binti wa kwanza anachapa maneno 45 kwa dakika, na katika ukurasa wa maneno 225 anakosea mara 30. Anaumaliza kwa dakika 5. Lakini kila kosa lamgharimu kama sekunde 5 kulitafuta na kulisahihisha. Jumla sekunde 150. Kazi yake imekamilika kwa dakika saba na nusu. Binti wa pili anachapa maneno 35 tu, na katika ukurasa ule ule anakosea mara 3. Anaumaliza kwa takriban dakika 6 na sekunde 26, na masahihisho yanamchukua sekunde 15. Amekwisha kukabidhi karatasi yake huku mwenziwe bado anafuta. Haraka haraka haina baraka, na hapa methali imekuwa hesabu.

Kwa hiyo tunashauri utaratibu huu. Mwanafunzi ashushe kasi hadi pale anapoweza kuchapa aya nzima kwa usahihi wa asilimia 98, yaani makosa yasiyozidi 2 katika kila mibonyezo 100. Akiishika kasi hiyo kwa siku tatu mfululizo, aongeze maneno 2 au 3 kwa dakika. Makosa yakizidi, arudi nyuma bila kuona haya. Kila baada ya zoezi aandike katika daftari herufi alizokosea, na zoezi la kesho lianze na herufi hizo. Mazoezi ya dakika 20 kila siku, baada ya Alfajiri au kati ya Alasiri na Magharibi, yana faida kuliko saa tatu za Jumamosi pekee. Mtume (saw) alitufundisha kwamba amali ipendezayo zaidi mbele ya Allah ni ile inayodumu ijapokuwa ni chache, na vidole navyo hujifunza kwa njia hiyo hiyo.

Sababu ya tatu haitajwi sana: mazoezi mengi yametungwa kwa Kiingereza, ilhali kazi zetu nyingi ni za Kiswahili. Herufi inayojirudia kuliko zote katika Kiswahili ni A, nayo imewekwa chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole kilicho dhaifu. Silabi "wa", iliyomo katika watu, walimu na kwa, huchapwa na kidole cha pete kikifuatiwa na hicho cha mwisho. Silabi "ki" huchapwa yote na kidole cha kati cha kulia, kikipanda kutoka K kwenda I. Na mtazame neno "jumuiya": kati ya herufi zake 7, herufi 5 huangukia kidole kimoja, cha shahada cha mkono wa kulia. Herufi Q na X, ambazo vitabu vya Kiingereza huzitengea mazoezi, hazimo kabisa katika alfabeti yetu. Basi mwanafunzi ajitungie orodha yake: wakati, kikao, jumuiya, hukumu, uwakilishi, ng'ombe. Arudie kila neno mara kumi, polepole, kwa mapigo yaliyo sawa kama ya mshona cherehani. Na azime usahihishaji wa Kiingereza katika programu anayoitumia, usije ukambadilishia maneno kwa siri.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa Kanda ya Ziwa. Si makosa yote yanayotoka kwenye kidole. Mengine hutoka sikioni. Katika kibodi, L iko mkono wa kulia na R iko mkono wa kushoto, kwa hiyo kidole hakiwezi kuzichanganya kwa kuteleza. Lakini wengi wetu, kwa athari ya lugha zetu za nyumbani, huzichanganya katika matamshi. Katika hati ya ndoa, "mahari" ikawa "mahali". Katika tangazo la uchaguzi, "kura" ikawa "kula". Kosa la namna hii haliponi kwa kuongeza mazoezi ya vidole. Dawa yake ni kusoma kwa sauti, kuwa na kamusi mezani, na kumpa mtu wa pili asome kabla ya kuchapisha. Waraka wa deni au wa mirathi usitiwe saini kabla haujasomwa neno kwa neno mbele ya mashahidi. Hilo tu lingemwepushia mjane yule usiku wake wa kukesha.

Wazazi nao wana sehemu yao. Kabla ya kulipa ada, muulizeni mwenye chuo mambo manne: je, chuo kimesajiliwa na NACTVET, kila kompyuta inatumiwa na wanafunzi wangapi, je, kuna majaribio ya kasi yanayopimwa kwa saa, na je, kasi na usahihi wa mhitimu vitaandikwa mahali popote? Ikiwa nyumbani hakuna kompyuta, kibodi ya kawaida huweza kuunganishwa na simu nyingi za kisasa kwa waya wa OTG, na mazoezi yakaendelea sebuleni. Kuchapa kwa vidole gumba kwenye kioo cha simu hakumfundishi mtu kibodi. Na binti anapofanya mazoezi yake, asiitwe kila dakika kwenda kuchota maji au kuanua dagaa. Dakika 20 za utulivu ni zawadi ambayo kila nyumba inaweza kuitoa.

Jioni mtoto akirejea kutoka chuoni, desturi yetu ni kumuuliza, "Umefika maneno mangapi?" Tunaomba swali hilo libadilike kidogo. Muulizeni, "Leo umekosea mara ngapi, na wapi?" Atakayelizoea swali hilo atajifunza kuikagua kazi yake kabla ya kuikaguliwa na wengine, na kasi itamjia kwa wakati wake. Huenda kesho karatasi ya deni lako au ya mirathi ya wanao ikapita mikononi mwake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wetu elimu yenye manufaa, awape riziki ya halali kwa kazi ya mikono yao, na awafanye waandishi waadilifu. Wabillahi tawfiq.