MZINGA WA VIUNZA: KWA NINI WENGI WANAUKATAA?



Ukame ukikausha maziwa, debe la asali linaweza kununua mahindi bila kuuza mtamba. Lakini ikitajwa mizinga ya kisasa, wafugaji nyuki wengi hutikisa kichwa. Hoja zao zina msingi. Tuzipime.

Mzinga wa viunza ni nini?
Ni sanduku la mbao lenye vipande vya mbao, yaani viunza, vilivyopangwa juu yake. Kiunza kina upana wa milimita 32 hivi, na nyuki hujenga sega moja chini ya kila kimoja. Muundo wake mmoja maarufu ulibuniwa Kenya miaka ya 1970.

"Nyuki huuhama."
Ni kweli, lakini hata gogo huhamwa, nyuki wakikosa maji na maua au wakivamiwa na siafu. Mzinga wenye harufu ya rangi au dawa ya mbao hukataliwa. Usipake rangi ndani. Yeyusha nta, uipake kwa mstari katikati ya kila kiunza upande wa chini.

"Ni ghali."
Ni kweli, gogo unachonga mwenyewe. Basi usitupe magogo yako. Anza na mzinga mmoja au miwili, ulinganishe kwa misimu miwili. Mzinga wa gome ni rahisi zaidi, ila mti uliochunwa gome pande zote hufa, na mti huo ndio maua ya nyuki na kivuli cha mifugo.

"Tulipewa, ukabaki mtupu."
Sanduku peke yake halileti asali. Likague mara kwa mara, uondoe buibui, mchwa na masega yaliyoharibika.

Faida yake
Katika gogo, asali na majana hukatwa pamoja, nyuki wakaangamia. Hapa unainua kiunza kimoja kimoja: sega lililofunikwa nta robo tatu au zaidi unavuna, lenye majana unarudisha. Waachie nyuki masega kadhaa ya asali kwa chakula chao. Mzinga ukining'inizwa kwa waya usawa wa kiuno, nyegere hupata shida kuufikia, na mama anavuna bila kupanda mti. Asali isiyo na majana wala majivu ndiyo mnunuzi wa mjini, hata pale Mwenge, Dar es Salaam, huifurahia.

Tahadhari kwa mifugo
- Weka mizinga mita 300 au zaidi kutoka boma, njia ya mifugo na mahali pa kunyweshea.
- Usifunge punda, mbuzi wala ndama karibu na mizinga. Mnyama aliyefungwa hawezi kukimbia, nyuki humuua.
- Vuna jioni. Samadi kavu ya ng'ombe hutoa moshi mzuri.
- Dawa ya kuogeshea mifugo huua nyuki. Usinyunyizie karibu na mizinga, wala usimwage masalia penye maji.
- Wawekee nyuki maji yao kwenye chombo chenye vijiti vya kutua, wasifuate birika la ng'ombe.

Ukitaka kutundika mizinga ndani ya msitu wa hifadhi, omba kibali kwanza. Kwa ushauri zaidi, mwone afisa nyuki wa wilaya yako au afisa ugani wa kata.