Daktari wa Akili Akiwa Mbali: Jinsi ya Kupima Mshahara na Marupurupu Yake



Katika vikao vyetu vya robo hii swali moja limerudi mara kwa mara. Hospitali na vituo vya afya vya kanisa vilivyo mbali na miji vinataka kumpata daktari bingwa wa magonjwa ya akili atakayewahudumia wagonjwa akiwa mjini, kwa njia ya simu na video. Kamati zinatuuliza: tumlipe kiasi gani? Tumeona ni vyema tujibu hapa, kwa sababu swali lenyewe ni pana kuliko linavyoonekana, na sisi wenyewe tuliwahi kulijibu vibaya.

Tulichojifunza kwa gharama

Miaka michache iliyopita tulisaidia hospitali moja kuandaa barua ya ajira ya namna hii. Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilitaja malipo kwa kila mgonjwa atakayeonwa, siku za kliniki, na tarehe ya kuanza. Daktari alikubali kwa moyo mweupe. Kwa miezi ya mwanzo kazi ilikwenda vizuri sana. Watu wenye kifafa, sonona na skizofrenia, ambao zamani walisafiri siku nzima kwa basi, walihudumiwa karibu na nyumbani.

Mwezi wa nane daktari aliandika barua ya kuacha kazi. Tulidhani amepata mshahara mkubwa mahali pengine. Haikuwa hivyo. Tulipokaa naye alitueleza mambo matatu. Kwanza, wakati wa masika barabara zilipoharibika wagonjwa hawakufika, naye akakaa mbele ya kompyuta siku nzima bila kulipwa. Pili, wauguzi walimpigia simu usiku kila mgonjwa alipozidiwa, na simu hizo hazikuwemo katika makubaliano. Tatu, vifurushi vya intaneti alinunua kwa fedha yake mwenyewe.

Daktari hakuumia peke yake. Mama mmoja aliyemleta kijana wake kliniki aliambiwa arudi nyumbani, kwa kuwa hapakuwa na wa kumbadilishia dozi. Kijana alikuwa ameanza kulala usiku na kwenda shambani. Ndugu wasomaji, mkataba mbovu huishia kwa mgonjwa.

Kwa nini daktari wa mbali

Bingwa wa magonjwa ya akili hapatikani kwa urahisi. Nchini Tanzania husoma shahada ya udaktari miaka 5, mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo, kisha miaka 3 ya ubingwa. Waliofika hapo ni wachache, na wengi wako katika hospitali kubwa kama Muhimbili na Mirembe ya Dodoma. Kumhamishia mmoja wao wilaya ya pembezoni kunadai nyumba, usafiri na shule ya watoto. Akifanya kazi kutoka mjini, gharama hizo hupungua.

Hata hivyo, zinapungua tu, haziishi. Baadhi huhama kutoka kwa hospitali na kumwangukia daktari bila mtu kutambua. Kazi ya kamati ni kuzitafuta zilikohamia.

Mshahara ghafi si fedha ya mkononi

Tuchukue mfano wa mshahara ghafi wa shilingi 3,000,000 kwa mwezi. Ni mfano tu wa kufundishia, haukutoka katika mkataba wowote. Mwajiriwa hukatwa asilimia 10 ya mshahara kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), yaani 300,000. Kinachobaki, 2,700,000, ndicho kinachokatwa kodi. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, kodi ya shilingi 1,000,000 ya kwanza ni 128,000, na kila kinachozidi hapo hukatwa asilimia 30. Kodi yake inakuwa 638,000. Daktari anabaki na 2,062,000 mkononi.

Kwa upande wa hospitali, gharama si 3,000,000. Mwajiri naye huchangia asilimia 10 NSSF, yaani 300,000, na asilimia 0.5 kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani 15,000. Jumla ni 3,315,000, kabla ya bima ya afya na vifaa. Hivyo mfadhili akiandikiwa 3,000,000 katika bajeti, upungufu umeanza siku ya kwanza. Kabla ya kukisia, kamati imwombe mhasibu ahakikishe viwango vya mwaka husika.

Mwajiriwa au mtoa huduma?

Hapa ndipo kamati nyingi hujikwaa. Inaonekana rahisi kumwita daktari mtoa huduma, kumlipa kwa ankara na kuzuia asilimia 5 ya kodi. Katika mfano wetu angechukua 2,850,000 kila mwezi badala ya 2,062,000. Daktari hufurahi, na hospitali huokoa 315,000. Tuitazame hesabu hiyo kwa mwaka mzima.

Mwajiriwa hupokea miezi 12, kwa kuwa likizo ya mwaka ya siku 28 ni ya malipo. Mkononi anapata 24,744,000, na NSSF panawekwa 7,200,000 kwa jina lake. Mtoa huduma akipumzika mwezi mmoja hulipwa miezi 11, yaani 33,000,000. Ile asilimia 5 haimalizi kodi yake. Kwa viwango vile vile, kabla ya kutoa gharama za kazi, anadaiwa kodi ya 7,836,000 kwa mwaka. Anabaki na 25,164,000, hana akiba ya uzeeni na hana siku ya kuugua. Tofauti ya fedha ya mkononi ni 420,000 tu kwa mwaka mzima.

Aidha, jina la mkataba peke yake halitoshi mbele ya sheria. Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka 2004 inataja dalili za mtu kuchukuliwa kuwa mwajiriwa: kupangiwa saa na namna ya kazi, kuwa sehemu ya taasisi, kupewa vifaa, kuitegemea taasisi hiyo kwa kipato, au kuifanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Dalili moja inatosha. Daktari wa kliniki zetu huwa na zaidi ya moja.

Akiwa mwajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inampa ulinzi ambao ni sehemu ya thamani ya kazi yake. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Likizo ya uzazi kwa mama ni siku 84 kwa malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Haya yaandikwe katika barua ya ajira, yasiachwe yajulikane siku ya ugomvi.

Saa zisizoonekana

Mgonjwa mpya wa akili hahudumiwi kwa dakika kumi. Ni lazima daktari asikilize historia yake, azungumze na ndugu waliomleta, na kumwuliza tabibu aliye chumbani juu ya vipimo na mwonekano, kwa maana kamera haioni kila kitu. Tukadirie saa 1 kwa mgonjwa mpya na dakika 20 kwa anayerudi. Wagonjwa wapya 3 na wanaorudi 9 ni saa 6 kamili. Zinabaki saa 2 za kuandika mafaili, kuwaelekeza wauguzi na kusubiri mtandao urudi. Hiyo ni siku nzima ya kazi, ingawa orodha ina majina 12 tu.

Hii ndiyo sababu sasa hatupendekezi malipo kwa kila mgonjwa. Yanamhimiza daktari kwenda mbio, na yanamwadhibu kwa mvua na umeme ambavyo si kosa lake. Ni vyema kumlipa kwa siku au kwa mwezi, na mkataba useme wazi kwamba saa za kuandika na za kufundisha ni saa za kazi. Kikomo cha kisheria cha saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu.

Simu za usiku zipangwe pia. Daktari anayetakiwa kuwa tayari kuitwa hana uhuru wa kusafiri wala kuzima simu, hata kama haikulia. Tunashauri zamu maalumu zenye posho, na orodha fupi ya mambo yanayostahili kumwamsha, kama vile mgonjwa aliyejaribu kujiua au aliye hatari kwa wengine. Mengine yasubiri asubuhi. Tena, daktari aliye mbali hawezi kumshika mgonjwa mkono. Lazima pawe na mtu hospitalini aliyefundishwa na anayelipwa kuwa macho yake.

Vifaa, leseni na kinga

Kompyuta, kipaza sauti, intaneti na umeme wa akiba ni vyombo vya kazi, sawa na kipimo cha presha. Hospitali ivinunue au imrudishie daktari gharama kwa risiti. Posho ya vifaa isihesabiwe kuwa nyongeza ya mshahara, kwa sababu haimwachii kitu mfukoni. Chumba cha kliniki kijijini nacho kiwe na mlango unaofungika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda habari za afya ya mtu, na mgonjwa wa akili akisikika nje ya dirisha hatarudi tena.

Daktari awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na leseni yake iwe hai. Ada ya leseni na mafunzo ya kila mwaka ni vitu vidogo ambavyo hospitali ikivilipia hujenga uaminifu. Pia paandikwe ni nani atakayebeba gharama za wakili na fidia iwapo mgonjwa atalalamika, hata baada ya daktari kuondoka. Daktari makini atauliza hilo kabla ya kuuliza mshahara.

Mwisho, paandikwe safari za kuitembelea hospitali, walau mara mbili kwa mwaka, na nani anayelipia nauli na malazi. Watu waliowahi kula pamoja hufanya kazi vizuri zaidi kwenye simu.

Fedha ya mradi inapokwisha

Wafadhili wetu wapendwa, neno hili ni lenu hasa. Ufadhili wa mwaka mmoja unaanzisha kliniki, lakini mgonjwa wa skizofrenia au kifafa huweza kuhitaji dawa kwa miaka mingi. Mkataba wa daktari ukifungwa kwa fedha ya mwaka mmoja, yeye hutafuta kazi nyingine tangu mwezi wa tisa, na hana kosa. Tunaomba ahadi za miaka 3 kila inapowezekana, na fungu dogo la akiba la mishahara ya miezi 3, ili kuchelewa kwa fedha kusifunge kliniki. Nazo parokia zioneshe mchango wao tangu mwanzo, hata kama ni chumba, umeme wa jua au nauli ya wagonjwa maskini.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kutia sahihi

1. Daktari atabaki na kiasi gani mkononi baada ya makato yote?
2. Hospitali itatoa kiasi gani kwa jumla, pamoja na michango ya mwajiri?
3. Je, ni mwajiriwa, na kama tunasema si mwajiriwa, sheria itakubali?
4. Atalipwaje siku ambayo mtandao au barabara imekatika?
5. Nani anapokea simu za usiku, kwa posho gani, na kwa mambo yapi?
6. Likizo yake ikifika, nani atawaona wagonjwa?
7. Nani analipia vifaa, intaneti, leseni na kinga ya madai?
8. Notisi ya kuacha kazi ni ya muda gani, na wagonjwa watakabidhiwa kwa nani?

Swali la nane ndilo tulilolisahau sisi. Laiti tungekuwa na notisi ya miezi 3 na mpango wa makabidhiano, yule mama asingerudi nyumbani mikono mitupu. Baadaye hospitali ile iliandika mkataba mpya, wa kurasa sita, na ikampata daktari mwingine. Mshahara uliotajwa humo haukuwa mkubwa kuliko aliokuwa akiupata wa kwanza katika mwezi mzuri. Kilichobadilika ni kwamba kila mzigo ulipewa mwenyewe.

Kamati itakayopenda kupitia rasimu ya mkataba wake pamoja nasi ituletee mapema, kabla ya kumwandikia daktari. Ni rahisi kurekebisha karatasi kuliko kurudisha imani ya mgonjwa aliyeachwa njiani.